Saa mbili na dakika 14: YouTube ilipopotelea Pakistan

Jumapili ya tarehe 24 Februari 2008, saa tatu na dakika 47 usiku kwa saa zetu za Afrika Mashariki, mtandao wa Pakistan Telecom uliitangazia dunia jambo moja fupi: anwani zote zinazoanza na 208.65.153 ziko kwangu, zileteni hapa. Haikuwa kweli. Anwani hizo zilikuwa za YouTube. Lakini ruta, mitambo inayoelekeza mawasiliano ya intaneti, haziulizi mashahidi, na ndani ya dakika chache sehemu kubwa ya intaneti ilikuwa inapeleka watazamaji wa YouTube Pakistan, ambako pakiti zao, yaani vipande vya data, zilikuwa zinatupwa. Tangazo lile lilikuja kufutwa saa sita na dakika moja usiku.

Kila mafunzo niliyohudhuria ya BGP, itifaki ambayo mitandao huitumia kutangaziana njia, yamekipitia kisa hiki, na kila mara mkosaji ni mmoja: Pakistan. Mimi kazi yangu ni mitandao, nimekaa zamu za usiku za kutosha, na nikikisoma kisa hiki naona kuna mhusika anayepitwa haraka haraka wakati yeye ndiye aliyekuwa mlangoni.

Tuanze na amri. Ijumaa ya tarehe 22, mamlaka ya mawasiliano ya Pakistan iliwaagiza watoa huduma wote wa intaneti nchini humo waifunge YouTube kwa sababu ya video iliyoonekana kuukashifu Uislamu. Karatasi ya amri hiyo ilikuja kuonekana hadharani. Ilitaja kiungo cha video yenyewe na anwani tatu za IP: 208.65.153.238, 208.65.153.251 na 208.65.153.253.

Ukiwa fundi na umekabidhiwa karatasi kama hiyo siku ya Ijumaa, unawaza njia ya mkato. Kuzuia video moja kunahitaji mitambo ya kuchungulia ndani ya mawasiliano. Kuzuia anwani ni kazi ya mstari mmoja: unaiambia ruta kwamba safari ya kwenda anwani hizi inaishia shimoni, na kila pakiti inayoelekea huko inamwagwa. Na kwa kuwa mtoa huduma mkubwa ana ruta nyingi, huwezi kuzunguka moja moja. Unaitangaza njia hiyo ya shimoni kwa ruta zako zote kupitia BGP, nazo zinaipokea kama zinavyopokea njia nyingine yoyote. Ni mbinu ya kawaida kabisa. Hata sisi tunaitumia mteja anaposhambuliwa kwa mafuriko ya trafiki.

Tangazo lililotumika halikuwa la anwani tatu. Lilikuwa la fungu zima la anwani 256, lile linaloandikwa 208.65.153.0/24. Kwa ndani ya Pakistan hilo lingetosha na mambo yangeishia hapo. Ila tangazo lilivuka mpaka. Lilitoka kupitia kwa PCCW Global, kampuni ya Hong Kong iliyokuwa ikiwauzia Pakistan Telecom njia ya kufika duniani, na PCCW ikalipokea na kulisambaza kwa wenzake wote.

Kwa nini dunia iliamini

YouTube wenyewe walikuwa wakitangaza fungu kubwa zaidi, 208.65.152.0/22, lenye anwani 1,024. Fungu la Pakistan lilikuwa robo ya hilo. Sasa ruta ilikuwa na taarifa mbili mkononi. Ya kwanza inasema anwani 1,024 ziko kwa YouTube, ya pili inasema 256 kati ya hizo ziko Pakistan. Ruta inafuata ipi?

Chukulia unapeleka mzigo Kariakoo. Bango la kwanza limeandikwa "Mizigo yote ya Kariakoo, pita kulia." La pili limeandikwa "Mizigo ya Mtaa wa Congo, Kariakoo, pita kushoto." Kama mzigo wako ni wa Mtaa wa Congo utapita kushoto, na hakuna atakayekushangaa. Ruta nayo inafanya hivyo hivyo: tangazo lenye fungu dogo zaidi ndilo linalofuatwa. Haijalishi nani kalitoa, haijalishi lile pana limekuwepo miaka mingapi. Haijalishi hata umbali. Bango la Mtaa wa Congo linaweza kuwa limebandikwa Mwanza.

Kanuni hiyo haikuwekwa kwa uzembe. Ndiyo inayomwezesha mteja kuchukua kipande cha anwani cha mtoa huduma mmoja na kukitangaza pia kupitia kwa mwingine. Bila hiyo intaneti ya leo isingeenda. Usiku ule ruta zote zilizoipeleka trafiki Pakistan zilikuwa zinafuata kiwango neno kwa neno. Hakuna iliyoharibika. Hilo ndilo linalonisumbua katika kisa hiki kuliko YouTube kutoonekana.

Swali linalofuata ni la uthibitisho. Tangazo la BGP linabeba fungu la anwani na orodha ya namba za mitandao lilikopita. Aliyelitazama tangazo la Pakistan kutoka nje aliona njia inayoishia 3491 17557: wa mwisho kulia, 17557, ni Pakistan Telecom, mwenye kudai, 3491 ni PCCW, aliyeyapitisha madai. YouTube walikuwa 36561. Hakuna sahihi, hakuna muhuri, hakuna mahali ndani ya ujumbe ambapo ruta inaweza kusoma kama 17557 ana haki na anwani hizo.

Wazee wa BGP hawakulifikiria hilo kwa sababu ambazo ni rahisi kuzielewa. Itifaki ilianza Januari 1989 mjini Austin, Texas, Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM walipochora wazo lao wakati wa chakula cha mchana kwenye karatasi za kupangusia mikono. Mpaka leo wapo wanaoiita itifaki ya karatasi za mezani. Juni mwaka huo huo ikachapishwa kama RFC 1105, RFC zikiwa zile hati zenye namba zinazobeba viwango vya intaneti. Mitandao ilikuwa michache, waendeshaji wake wanajuana kwa majina, na kudanganyana kwa njia kungekuwa sawa na mtu kuwadanganya majirani zake wa kibaraza kimoja. Toleo la nne, tunalotumia hadi sasa, lilikuja kuandikwa upya mwaka 2006 katika RFC 4271. Mwezi ule ule, Januari 2006, ikatoka RFC 4272, ambayo inachambua udhaifu wa BGP na kusema waziwazi kwamba haina namna ya kuthibitisha mamlaka ya mtandao kutangaza anwani fulani. Hiyo ni miaka miwili kabla ya Pakistan. Lilijulikana, likaandikwa, likapewa namba.

Dakika 80 za kwanza

Makao ya YouTube yalikuwa San Bruno, California, na huko ilikuwa Jumapili asubuhi. Anwani zile tatu za kwenye amri ndizo ambazo jina la youtube.com lilikuwa likielekeza, kwa hiyo kulipoteza fungu lile moja kulitosha kuipoteza tovuti nzima. Seva zilikuwa nzima. Umeme upo, diski zinazunguka, ila wageni hawafiki. Mtazamaji naye haoni hata ujumbe wa kumweleza. Pakiti ikimwagwa hakuna anayejibu, kivinjari kinasubiri tu hadi kichoke. (Huku kwetu wengi hawakugundua. Mwaka 2008 tulikuwa bado tunavuta intaneti kwa satelaiti, kebo ya SEACOM ilikuja kuwashwa Julai 2009, na video ya YouTube kwenye mgahawa wa intaneti ilikuwa ya kuisubiri mpaka dakika zako unazolipia zinaisha. Ukurasa kukwama ilikuwa hali ya kawaida.)

Saa tano na dakika saba usiku kwa saa zetu, dakika 80 tangu tatizo lianze, YouTube wakajibu. Hapa ndipo inapoonekana jinsi mwenye mali alivyo mnyonge. Mhandisi wa San Bruno hana mkono wa kuifikia ruta ya Pakistan, wala ya Hong Kong. Hawezi kulifuta tangazo la mtu mwingine. Silaha yake ni ile ile iliyompiga: kutangaza. Wakatangaza 208.65.153.0/24, fungu la ukubwa ule ule wa Pakistan. Sasa mabango mawili yanalingana, na yakilingana kila mtandao unachagua kwa vigezo vyake, kwanza mkataba na jirani, halafu urefu wa njia. Waliokuwa karibu na YouTube wakarudi. Waliokuwa karibu na PCCW wakaendelea kwenda Pakistan.

Dakika 11 baadaye wakashuka ngazi nyingine. Walilikata fungu mara mbili, 208.65.153.0/25 na 208.65.153.128/25, kila kipande anwani 128, wakatangaza vyote viwili. Kwa kanuni ya fungu dogo hayo yalipaswa kumaliza ubishi. Ila mitandao mingi ina desturi ya kukataa fungu lolote dogo kuliko /24 ili majedwali ya ruta yasifurike, na huko matangazo ya /25 hayakuingia. Kwa hiyo ngazi ikaishia hapo. YouTube walikuwa wamecheza karata zao zote na bado kuna watu wasiowafikia.

Saa tano na dakika 51 kikatokea kitu ambacho wasiokaa na BGP hukipita bila kukiona: matangazo ya Pakistan yakaanza kuonekana na namba 17557 imerudiwa mara mbili. Njia ikawa ndefu kwa hatua moja, na kwa kuwa ruta hupendelea njia fupi, mitandao zaidi ikahamia upande wa YouTube.

Kisha, saa sita na dakika moja usiku, PCCW wakayaondoa matangazo yote yaliyoanzia 17557. Kule Hong Kong ilikuwa saa kumi na moja na dakika moja, alfajiri ya Jumatatu. Hawakuikata Pakistan nzima. Mitandao mingine ya nchi hiyo iliyokuwa ikipitia kwa Pakistan Telecom iliendelea kuonekana. Tangazo la uongo likafa papo hapo. Yale ambayo YouTube walishindwa kuyamaliza kwa karibu saa nzima ya kutangaza na kukata mafungu yalimalizwa na yule aliyekuwa katikati, kwa kuacha tu kuyapitisha.

Aliyekuwa mlangoni

Ndiyo maana siridhiki kisa hiki kinapoitwa utekaji wa Pakistan. Pakistan Telecom walikosea, hilo halina mjadala. Tangazo la ndani limewatoka. Lakini kosa la mteja ni jambo ambalo mtoa huduma wa juu anatakiwa kulitegemea kila siku. PCCW walijua mteja wao ni nani. Anwani alizogawiwa zinajulikana, zimeandikishwa katika masjala ya APNIC inayohudumia Asia na Pasifiki. Anwani za YouTube ziliandikishwa upande wa Marekani. Kichujio chenye orodha ya mafungu ya mteja, na sentensi moja chini yake inayokataa mengine yote, kingelifanya lile tangazo life mlangoni kabla mtu yeyote nje ya Pakistan hajalisikia.

Nasema hivyo nikijua kwamba hata mimi nimewahi kuacha mlango wazi.

Tulimuunganisha mteja mmoja Dar es Salaam, kampuni yenye laini mbili, moja kwetu na nyingine kwa mshindani wetu. Ilikuwa jioni, mkuu wa zamu anataka kwenda nyumbani, mteja anapiga simu kila robo saa. Tukawasha kiungo, tukaona matangazo yake mawili yameingia, tukapeana mikono. Kichujio tukasema tutakiweka kesho. Kitu kimoja tulichokuwa tumeweka, kwa sababu kilikuwa kwenye kiolezo, ni kikomo cha idadi: akileta mafungu zaidi ya 50, kata.

Saa nane usiku simu ikalia. "Kaka, mmetukatia huduma."

Nikaingia kwenye ruta. Fundi wao alikuwa amebadilisha kitu fulani, na ruta yao ikaanza kutupa sisi kila ilichojifunza kutoka kwa yule mshindani, yaani intaneti yote kama vile iko nyuma yao. Ruta yetu ilihesabu hadi 50, ikavuka, ikakata kiungo. Nilikaa kimya na simu sikioni nikitazama ile namba. Bila kikomo kile tungeipokea dunia nzima kutoka kwa kampuni yenye laini ya megabiti kumi, na tungewapitishia walio juu yetu.

"Sijawakatia, mkuu," nikamwambia, "mmejikatia wenyewe. Mwamshe fundi wako."

Baadaye, nikikirudia kisa cha Pakistan, nikaona kitu kilichonitia baridi. Kikomo kile kisingesaidia chochote usiku wa Februari 2008. Pakistan Telecom hawakuleta maelfu. Walileta fungu moja la ziada. Moja linapita chini ya kikomo chochote cha idadi. Kilichokuwa kinatakiwa ni orodha ya majina, na orodha ndiyo tuliyokuwa tumeiahirisha.

Dawa iliyokuja baadaye

Mwaka 2012 IETF, jumuiya ya wahandisi wanaoandika viwango vya intaneti, walichapisha msingi wa kile kinachoitwa RPKI katika RFC 6480. Mwenye anwani anaandika hati yenye sahihi ya kidijitali: fungu hili, mtandao namba hii ndio wenye ruhusa ya kulitangaza, na lisikatwe vipande vidogo kuliko kiasi hiki. Hati inatunzwa kupitia masjala ya kanda. Kwetu ni AFRINIC, yenye makao Mauritius. Ruta inalinganisha kila tangazo na hati zilizopo, na lisilolingana linakuwa batili. Mei 2024 zaidi ya nusu ya njia za IPv4 duniani zilikuwa tayari zimefunikwa na hati za aina hiyo.

Ukikirudisha kisa cha Pakistan kwenye mfumo huu unapata matokeo mazuri na moja la kushangaza. YouTube wangekuwa na hati inayosema 208.65.152.0/22, namba 36561, ukomo /22. Tangazo la 17557 linaingia, namba hailingani, batili, linatupwa. Vizuri. Lakini tuseme mitandao kadhaa haikagui, tatizo linatokea, na YouTube wanaamua kujibu kama walivyojibu usiku ule, kwa kutangaza /24 na kisha zile /25. Hayo nayo ni batili, maana hati yao wenyewe imeweka ukomo /22. Mitandao inayokagua itayakataa matangazo ya mwenye mali halali. Ukiulegeza ukomo mapema ili ujiachie nafasi ya kupigana, unampa mwingine mwanya: anaweza kutangaza kipande kidogo na kuchomeka namba yako 36561 mwishoni mwa njia, na ukaguzi ukampitisha. RFC 9319 ya mwaka 2022 inashauri kutolegeza. Nakubaliana nayo, ingawa mteja akiniuliza usiku wa manane afanye nini, jibu linakuwa gumu zaidi.

Na kuna aina nyingine ya uvujaji ambayo hati hizi haziigusi. Tarehe 12 Novemba 2018, MainOne wa Nigeria, wakiwa katika kazi ya kuboresha mtandao wao, walivujisha njia za Google kwenda kwa China Telecom, nao China Telecom wakazipokea. Kwa muda wa zaidi ya saa moja sehemu ya trafiki ya Google ikawa inazunguka huko na kukwama. Katika matangazo hayo mwenye anwani alitajwa kwa usahihi kabisa, ni Google. Kilichokosewa ni njia: mtandao wa kati, ambao si kazi yake kumbeba Google kwenda China, ulijitokeza kumbeba. Hati ya RPKI, inayomtazama mwenye anwani tu, inasema sawa, pita. RFC 9234 ya mwaka 2022 inajaribu kulitibu hilo kwa kuzifanya ruta mbili zikubaliane nani ni mteja na nani ni mtoa huduma kabla ya kubadilishana njia. Ukitazama tena, picha ni ile ile ya 2008: mmoja kavujisha, mkubwa wa jirani kapokea bila kukagua.

Kwa nini basi wakubwa hawakagui? Nimesikia sababu nyingi za kitaalamu. Ile ninayoiamini niliiona mwenyewe. Siku hizi ofisini kwetu hakuna kiungo kinachowashwa bila orodha, na Ijumaa moja, saa kumi na moja jioni, mteja alipiga simu kwamba amenunua fungu jipya la anwani na linatakiwa lionekane kabla ya Jumamosi. Ana mkutano na wawekezaji. Nikafungua masjala ya AFRINIC. Jina lililokuwa pale lilikuwa bado la muuzaji.

"Hiyo ni karatasi tu, bosi wangu," akasema, "pesa imeshalipwa."

Nikamwambia jina likibadilika anipigie hata saa nane usiku, nitaamka. Akaniuliza jina la meneja wangu. Meneja akanipigia baada ya dakika tano, akanisikiliza, akanyamaza kidogo, akauliza kama hakuna namna. Nikamwambia namna ipo, ni kufuta mstari mmoja kwenye kichujio, haichukui hata sekunde kumi. Hakuniagiza niufute, wala hakuniambia nisiufute. Akasema tutaongea Jumatatu, na mteja akahamia kwa mshindani wetu Jumamosi asubuhi, fungu lake likiwa linaonekana dunia nzima.